Wageni wa Meli Wale Wapi

Nje ya nyumba yetu, pale uchochoro unapoteremka kwenda soko la samaki la Bagamoyo, kuna benchi la mninga lenye miguu mitatu na tofali. Halina mwenyewe, lakini lina wenyewe. Bilali huweka hapo jiko lake la mkaa, birika la kahawa na sinia la kashata, na watatu hukaa kuanzia asubuhi mpaka wake zao wawatafute. Kuna mjomba wangu Kitwana, anayeitwa Kapteni kwa sababu aliwahi kwenda Unguja kwa boti, na mpaka leo anaisimulia safari ile akiruka sehemu ya kutapika. Kuna Mzee Mikdad wa nyumba inayotazamana na yetu, anayeitwa Hakimu, maana hukata kesi kabla haijaletwa. Na kuna Shamsudin, dalali wa viwanja, anayeitwa Satelaiti kwa kuwa hakuna jambo duniani ambalo hajaliona kwenye simu. Mimi ni Yasmini, lakini tangu nimalize chuo wananiita Digrii. Sikai benchini, pale ni pa wanaume. Husimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na Jumatatu ile nilisimama hapo nikiwa na simu mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, akasema Kapteni. Mbona uso huo? Nani kafa?

— Hajafa mtu, mjomba. Nataka ushauri.

Hapo ndipo nilipokosea. Kuomba ushauri kwenye benchi lile ni sawa na kumwaga mchele mbele ya kuku. Lakini sikuwa na pengine pa kwenda. Ofisi moja ya utalii ya Dar ndiyo pekee iliyojibu maombi yangu ya kazi tangu nihitimu, na ilikuwa inanijaribu. Meli kubwa ya watalii ingetia nanga bandarini Dar asubuhi ya tarehe ishirini. Abiria wake kumi na wawili, wazee wastaafu, walitaka kushuka watembezwe kwa gari kutwa moja, waone mahali pazuri au wale chakula kizuri, au vyote viwili. Mwenzangu ninayeshindana naye alikuwa ameandika safari ya milima ya Pugu. Mimi nilikuwa nimesema Bagamoyo. Kabla ya saa saba mchana huo ofisi ilitaka kila mmoja atume mpango wake, ichague mmoja, na aliyechaguliwa aajiriwe.

Niliwaeleza yote hayo, kisha nikawaeleza lililokuwa likininyima usingizi.

— Gari na dereva ni vya ofisi, nikasema. Mimi napanga njia na chakula. Lakini meli inaondoka jioni ileile, na haimngoji mtu. Wageni wakichelewa wanabaki bandarini na vipochi vyao, na mimi nimekwisha.

— Basi umefika, akasema Kapteni. Bilali, mimina. Meli naijua mimi.

Bilali akamimina. Mjadala ukaanza, nami naunukuu kama ulivyokuwa.

Kapteni: Mtu akishuka melini anataka kitu kimoja tu. Ardhi isiyocheza. Mpeleke mahali akae, atulie, moyo urudi mahali pake.

Satelaiti: Akae? Katoka kukaa wiki nzima, we Kapteni! Anataka vitu vya kuona. Mandhari. Mapicha ya kutumia wenzake kule kwao waumie roho.

Hakimu: Anataka kula. Kesi imekwisha.

Mimi: Lakini Mzee Mikdad, melini kuna chakula kutwa kucha, wanajipakulia wenyewe.

Hakimu: Wanajipakulia, sawa. Wanashiba? Nikuulize, meli ina mkaa?

Kapteni: Haina. Mkaa melini ni marufuku.

Hakimu: Umesikia. Chakula kisichonusa mkaa hicho ni dawa, si chakula.

Kapteni: Na chumvi je? Hamjui habari ya chumvi. Chakula cha melini hakikolei hata umwagie kilo. Chumvi ya kwenye sufuria inasikia wenzake wako chini pale, maji tele, basi inawafuata. Mpishi anaweka, bahari inavuta. Anaweka, inavuta.

Bilali: Inapitia wapi, Kapteni, na meli ni chuma?

Kapteni: Wewe umewahi kupanda meli?

Bilali: Sijawahi.

Kapteni: Basi koroga kahawa.

Satelaiti: Hapo Kapteni kanena, wallahi. Nimeona video moja, wazungu wametoka melini wanalamba ndimu kwa chumvi, wanalia. Nilidhani wana huzuni.

Nikawaomba tuanze na njia. Nilisema dereva atawachukua bandarini saa mbili asubuhi, aje na barabara ya Bagamoyo, na kwa foleni ya Mwenge na Tegeta na hizo kazi za barabara, tuhesabu saa mbili, pengine na zaidi. Kwa hiyo saa nne na nusu wawe Kaole, waone msikiti wa kale na makaburi ya mawe. Halafu wapite mji wa kale kwa miguu. Halafu chakula.

Kapteni: Njia nzuri. Ila umemruka Dija.

Mimi: Nani?

Kapteni: Shangazi yako Dija, wa Mapinga! Nyumba iko barabarani kabisa. Gari litoke Dar na watu wangu lipite mlangoni kwake bila kusimama? Idi hii atanipa mfupa.

Mimi: Mjomba, hawa si watu wako.

Kapteni: Wakishafika Bagamoyo ni wa nani?

Satelaiti: Na kama wanasimama Mapinga, kiwanja changu kiko hatua chache kutoka kwa Bi Dija. Washuke, waone.

Mimi: Waone nini, kaka Shamsu?

Satelaiti: Mandhari.

Hakimu: Nimekiona hicho kiwanja. Kina mawe manne ya mipaka na mbuzi.

Satelaiti: Mbuzi si wa kwangu. Lakini hewa ni ya kwangu, na hewa ile ukiivuta asubuhi unasikia kama umezaliwa upya. Mtu mstaafu ana hela za uzeeni, anatafuta pa kupumzika. Siuzi. Naonesha tu.

Hakimu: Mbegani wasiiache. Pale penye chuo cha uvuvi nilijifunza kusuka nyavu. Walimu wangu wakisikia wageni wamepita bila kuoneshwa kazi ile, watasema Mikdad kawa mkubwa.

Mimi: Walimu wako wapo bado?

Hakimu: Wamestaafu. Lakini habari zinawafika.

Nilijaribu kuweka hesabu kichwani. Mapinga chai, maana Shangazi Dija hawezi kumwacha mtu aondoke mkavu. Kiwanja. Mbegani nyavu. Kila walipoongeza kituo, naliona geti la bandari likisogea mbali nami. Satelaiti alikuwa amefungua ramani kwenye simu na anaivuta kwa vidole viwili kama anayekanda unga.

Satelaiti: Oneni hapa. Ukishafika Bagamoyo, Makurunge hii hapa. Mashamba ya miwa. Mzungu anakunywa chai yenye sukari kila siku, hajawahi kuuona muwa uso kwa uso.

Kapteni: Hilo jambo. Kila mmoja apewe kipande atafune.

Mimi: Ni wazee, mjomba. Meno!

Kapteni: Basi wanyonye.

Satelaiti: Na ukishafika Makurunge, mbele kidogo tu unavuka mto Wami, unaingia Saadani. Simba wa Saadani wanaogelea baharini. Nimeona.

Bilali: Wapi?

Satelaiti: Kwenye simu.

Hakimu: Simba aoge, wao waangalie. Halafu wale.

Kapteni: Simba huyohuyo wa pwani hali nyama kama wa bara. Anakula kamba. Ndiyo maana ana adabu. Marehemu babu alikuwa akipishana nao njiani wanamwamkia.

Mimi: Mjomba, Saadani ni kwenda na kurudi kutwa nzima. Meli itakuwa imefika Mombasa!

Nilidhani nimewapata. Kumbe walikuwa wanapanda ngazi nyingine.

Satelaiti: Kosa si la njia. Kosa ni la meli. Kwa nini imekwenda Dar? Aandikiwe nahodha ailete hapa. Bagamoyo ilikuwa bandari wakati Dar wanafukuza nyani.

Kapteni: Maji yetu mafupi, itakwama.

Satelaiti: Ikwame! Tatizo liko wapi? Ikikwama haiondoki, na Digrii hana tena wasiwasi wa kuchelewa.

Hakimu akagonga paja, akasema hiyo ni hukumu ya haki. Bilali alicheka mpaka akamwagia makaa kahawa. Mimi nilitazama simu. Ilikuwa imeshagonga saa tano na nusu.

Nikasema jamani, nawaomba. Mapinga hapana, Makurunge hapana, simba hapana. Kaole, mji wa kale, chakula, basi. Saa sita na nusu wakae kula, saa saba na nusu gari liondoke.

Wote watatu walinitazama kama nimetukana.

Kapteni: Gari liondoke saa saba na nusu? Mtu hajanawa vizuri?

Hakimu: Hajauliza habari za watoto?

Kapteni: Mgeni akisema anaondoka, mwenyeji anasema nini, Yasmini? Umesoma wewe. Anasema "bado mapema." Na mgeni anakaa. Hata kama ni saa nne za usiku, ni bado mapema. Hapo ndipo mgeni anajua kapendwa.

Hilo ndilo hasa nililokuwa nalihofia, ila sikuthubutu kulisema. Foleni ya Tegeta ina mwisho. Benchi halina. Mwezi uliopita mpimaji mmoja wa ardhi alisimama hapa kuulizia njia ya kwenda Kaole. Aliondoka baada ya isha, amejua historia ya makaburi yote, ameoneshwa kiwanja cha Mapinga kwenye simu, na kaahidiwa mchumba. Kaole hakufika.

Lakini chakula, angalau, walikubaliana, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuwaona wakikubaliana. Samaki wa kuchoma wa Abuu, kule sokoni. Changu na kolekole, ukwaju, pilipili ya kusaga pembeni, wali wa nazi wa kuagiza. Hilo nililipenda. Lakini hapohapo wakaanza kugawana kazi.

Kapteni: Mimi nitatoa hotuba ya kuwapokea. Fupi. Nitaanzia na safari yangu ya Unguja.

Hakimu: Mimi nitawakuta Kaole. Kila kaburi lina maneno yake.

Satelaiti: Picha mimi. Wakati wanakula nawaonesha simu kidogo.

Bilali: Kahawa baada ya chakula, na kashata. Kahawa hainywewi mbiombio.

Mimi: Mjomba, hotuba lazima?

Kapteni: Wewe unataka watu wavuke bahari zote hizo waje wale kama waliofiwa, kimya?

Nilijiegemeza kwenye mlango. Niliiona meli, kubwa, nyeupe, inatoka taratibu kwenye mlango wa bandari, na wazee wangu kumi na wawili wamejipanga ukutani wana kashata mikononi.

Ndipo mlango wa upande wa pili ukafunguka, akatoka Bi Mwanamvua, mkewe Mzee Mikdad, kanga kiunoni, mwiko mkononi. Hajawahi kusimama mbele ya benchi lile hata siku moja. Akinamama wa mtaa huu hupita pembeni, wakaamkia, wakaenda zao. Safari hii alisimama.

— Shikamoo, shangazi, nikasema.

— Marahaba, mwanangu. Baba Nasrin, nilikutuma nazi saa ngapi?

Mzee Mikdad akainua miguu. Nazi tatu zilikuwa chini ya benchi, kaziwekea visigino.

— Zipo hizi. Nilikuwa nazipumzisha. Kuna kesi kubwa hapa, mama Nasrin.

Akaelezwa. Wote wanne walimweleza pamoja: meli, wazee, samaki wa Abuu, hotuba, meli tena. Alisikiliza huku anazitazama nazi zake. Kisha akauliza:

— Tarehe ishirini si Ijumaa hii inayokuja?

— Ndiyo, nikasema.

— Na mnawalisha saa ya adhuhuri?

— Saa sita na nusu, akasema Kapteni. Tumeshapanga.

— Ijumaa, saa sita na nusu, atapika nani?

Kapteni akakirudisha kikombe kwenye sinia kabla hakijafika mdomoni.

Nilikuwa nimehesabu foleni. Nilikuwa nimehesabu matuta ya Bunju na jua la Kaole na vyoo, kwa sababu wazee wanahitaji vyoo. Tangu ofisi iniandikie "tarehe ishirini" nami niliiita tarehe ishirini, na mwanamke niliyezaliwa na kukulia hatua chache kutoka msikitini sikuwahi kuiita Ijumaa.

Kapteni: Abuu...

Bilali: Abuu hukaa safu ya kwanza, nyuma ya imamu. Jiko analizima saa tano.

Satelaiti: Migahawa?

Bilali: Mgahawa gani Ijumaa saa hiyo? Hata mimi birika nalifunika.

Hakimu: Dereva awapeleke kwingine basi. Dereva jina lake nani?

Mimi: Abdulwahab.

Hakimu: Loh. Naye huyo.

Satelaiti: Nahodha aambiwe waje Alhamisi.

Kapteni: Au wageni nao tuwachukue msikitini. Wakae nyuma, tuwape kofia. Wakitoka hapo Abuu awashe jiko.

Mimi: Mjomba, awashe jiko saa saba, wale saa nane na nusu, na foleni ya jioni inawangoja!

Hakimu: Kesi imeahirishwa.

Nikafungua simu niwaandikie ofisi kwamba naiachia Pugu. Bi Mwanamvua hakuwa ameondoka. Alikuwa anagonga nazi moja kwa mpini wa mwiko, anasikiliza mlio wake.

— Baba Nasrin, akasema, Ijumaa ukitoka msikitini huwa unakuta nini nyumbani?

— Pilau.

— Inajipika?

Mzee Mikdad akatazama kahawa yake. Mimi nikaitazama ile nyumba ya ng'ambo, na ile inayofuata, na ile ya kona, na nikakumbuka Ijumaa za utoto wangu: mtaa umetulia, wanaume wote wamekwenda na kanzu zao, na kila dirisha linatoa bizari na karafuu na vitunguu vinavyokaribia kuungua. Chakula kizuri kuliko vyote cha wiki kinapikwa saa ileile ambayo benchi liko tupu.

— Shangazi, nikasema, watu kumi na wawili mnaweza?

— Fatu wa nyumba ya kona yupo, Nasrin yupo, mama yako yupo. Sufuria la Maulidi lipo. Kumi na wawili hata chini halijai. Ila niambie, nani kati yao hali nini?

Nilikuwa nimesubiri asubuhi nzima mtu aniulize hilo. Nikamwambia: wawili hawali nyama, mmoja hagusi pilipili.

— Hao wawili wali wa nazi na maharage ya nazi. Samaki wa kupaka pia tutafanya. Pilipili itakaa kwenye kisahani chake. Wanaweza mkeka?

— Kukaa wataweza, nikasema. Sijui kuinuka.

— Basi tutaazima viti vya Kapteni.

— Na ofisi inalipia chakula, shangazi.

— Hayo tutaongea mimi na wewe.

Kapteni akakohoa. Viti vyake havikuwa vimeulizwa.

Kapteni: Sawa, pilau, vizuri. Sasa hotuba itakaa wapi?

Bi Mwanamvua: Wewe si utakuwa msikitini?

Kapteni: Nitakuwa msikitini, ndiyo. Nikitoka, je?

Bi Mwanamvua: Ukitoka utawakuta wananawa mikono. Nawafukizia udi kidogo, wanapanda gari, wanakwenda zao. Mimi nina masufuria ya kuosha, nitakaa naongea nao nini?

Nilimtazama. Sikuamini masikio yangu. Nikaanza kuandika: bandarini saa mbili, Kaole saa nne na nusu, mji wa kale, saa sita na nusu chakula cha Ijumaa nyumbani kwa wenyeji, saa saba na nusu dereva ametoka msikitini, gari linaondoka. Nikasoma mara tatu. Nikatuma.

Jibu lilikuja Bilali akiwa anamimina kikombe cha mwisho. Mwenye ofisi aliandika: *Chakula nimekipenda. Lakini una uhakika wataondoka kwa wakati? Nawajua watu wa Bagamoyo, mgeni hawamwachi.*

Niliinua macho nikalitazama benchi. Kapteni alikuwa ameshaanza kumwambia Satelaiti kwamba siku hiyo ataswali karibu kabisa na mlango, penye viatu, ili akitoa salamu awe wa kwanza kutoka.

Bi Mwanamvua alizipakata nazi zake.

— Usihangaike, Kapteni, akasema. Mke wa imamu ni dada yangu. Nafasi ya safu ya mbele utawekewa.

Nikaandika: *Nina uhakika.*

*Basi Bagamoyo*, ofisi ikajibu.

Bilali akapindua birika. Halikutoa hata tone.